Hurafa za Wagiriki wa kale: Hoja za wanyonge zilizogeuzwa masomo ya watoto

NI nadra kumpata msomaji wa Kiswahili asiyekijua kisa cha kobe aliyemshinda sungura katika mbio, au cha mnyama aliyeyatamani matunda yaliyoning'inia juu, akashindwa kuyafikia, kisha akajiliwaza kwa kudai kuwa ni mabichi. Wengi walivisoma visa hivi katika vitabu vya shule ya msingi, vikiwa vimefungwa kwa sentensi moja mwishoni: funzo la hadithi hii ni hili au lile.

Aghalabu msomaji huyo huondoka akiamini mambo mawili. Kwanza, kwamba hurafa za Wagiriki wa kale zilitungiwa watoto. Pili, kwamba kila moja ina funzo lake lisilobadilika. Yote mawili yana kasoro. Hadithi hizi zilivuma kwanza miongoni mwa watu wazima, katika mabaraza, mahakamani na kwenye karamu, na mara nyingi zilimfaa mtu aliyekuwa na sababu ya kuogopa kusema waziwazi. Funzo la mwishoni liliongezwa baadaye, na mara nyingine haliafikiani na kisa chenyewe.

Hurafa, kwa mujibu wa wataalamu wa fasihi simulizi, ni ngano ambayo wahusika wake ni wanyama waliopewa akili, maneno na hila za binadamu. Wagiriki walikuwa na majina kadhaa ya utanzu huu. Mojawapo, na kongwe zaidi, ni ainos, neno lenye unasaba na lile lililomaanisha fumbo.

Tofauti na ngano nyingi za Kiafrika, hurafa ya Kigiriki ni fupi mno. Haina wimbo wala kiitikio. Wanyama wawili wanakutana, mmoja anatenda au kunena, wa pili anajibu, na kisa kimekwisha. Uzito wote umo katika neno la mwisho.

Msomaji anafaa pia kutahadhari na majina. Mbweha wa tafsiri zetu anafanana tu na yule wa Ugiriki, na mbwa mwitu anayewala kondoo katika hurafa hizi si yule wa mbuga za Afrika Mashariki, bali ni jamaa yake wa Ulaya na Asia, mkubwa wa kimo, ambaye wachungaji walimwogopa kama wafugaji wa huku wanavyomwogopa fisi. Watafsiri hawakuwa na budi, lakini picha inayomjia msomaji si ile iliyomjia Mgiriki.

AESOP ALIKUWA NANI?

Takriban hurafa zote hizi zimebandikwa jina la mtu mmoja, Aesop, anayesemekana kuishi katika karne ya 6 Kabla ya Kristo (K.K.). Herodotus, mwanahistoria wa karne ya 5 K.K., anamtaja kama mtunzi wa hadithi aliyekuwa mtumwa wa bwana mmoja aitwaye Iadmon katika kisiwa cha Samos, karibu na pwani ya nchi ambayo leo ni Uturuki.

Zaidi ya hapo, ushahidi ni haba. Hakuna mstari hata mmoja ulioandikwa na Aesop mwenyewe uliotufikia. Kilichopo ni wasifu wa kubuni ulioandikwa zaidi ya miaka 500 baada ya kifo chake, unaomsawiri kama mtumwa mwenye sura ya kuchusha, aliyezaliwa bubu, akajaliwa kunena na Isis, mungu wa kike wa Misri.

Katika wasifu huo, bwana wake ni mwanafalsafa aitwaye Xanthus. Siku moja Xanthus anamwagiza anunue sokoni kitu bora kupita vyote. Aesop anarudi na ndimi, na wageni wanaandaliwa ndimi kila sahani. Kesho yake anaagizwa alete kitu kibaya kupita vyote. Analeta ndimi tena. Bwana anahamaki, lakini hana la kujibu, kwa maana mtumwa ameweza kuthibitisha hoja zote mbili: ulimi ndio unaojenga miji na sheria, na ulimi ndio unaoleta fitina na vita.

Jina lake liligeuka nembo. Jinsi watu wa pwani ya Afrika Mashariki walivyozoea kumhusisha Abunuwasi na kila kisa cha werevu, ndivyo Waathene walivyomhusisha Aesop na kila hadithi ya mnyama mwenye maneno, hata zile zilizokuwapo kabla yake.

MWEWE NA NDEGE MWIMBAJI

Kwa hakika zilikuwapo. Hurafa kongwe zaidi katika fasihi ya Kigiriki imo katika utenzi wa Hesiod uitwao Kazi na Siku, wa takriban mwaka 700 K.K. Chanzo chake ni jambo ambalo Mkenya yeyote atalielewa upesi: mgogoro wa urithi wa shamba. Hesiod anamlalamikia nduguye Perses, aliyetwaa zaidi ya fungu lake, na analalamikia pia watawala wapokeao hongo walioamua kesi.

Anawasimulia watawala hao juu ya mwewe aliyemnasa ndege mwenye sauti tamu na kumbeba juu mawinguni. Ndege analia kwa uchungu wa kucha. Mwewe anamuuliza analilia nini, maadamu amekamatwa na aliye na nguvu kumpita, na atakwenda popote atakapopelekwa, uimbaji wake wote usimfae kitu. Akitaka atamla; akitaka atamwachilia. Kisha kisa kinakatika.

Hakuna mungu anayeshuka kumwokoa ndege. Ni baadaye tu, baada ya kumgeukia nduguye, ndipo mshairi anapoanza kuhimiza haki. Methali yetu isemayo mwenye nguvu mpishe ingeweza kutoka kinywani mwa mwewe huyo, na hilo linatosha kuonyesha kuwa hurafa haikuanza kama mahubiri ya tabia njema. Ilianza kwa kueleza jinsi dunia ilivyo, mbele ya watu wenye uwezo wa kuibadilisha na wasiotaka.

SILAHA YA BARAZANI

Mwanafalsafa Aristotle, katika kitabu chake kuhusu balagha cha karne ya 4 K.K., anaiweka hurafa miongoni mwa njia za kuushawishi umma. Anasema ina faida moja kubwa: ni vigumu kupata tukio la kweli linalolingana na hali iliyopo, lakini hurafa mtu anaweza kujitungia. Kisha anatoa mifano miwili ambayo inastahili kurejelewa kwa urefu.

Wa kwanza ni wa mshairi Stesichorus. Wenyeji wa Himera, katika kisiwa cha Sicily, walikuwa wamempa Phalaris uongozi wa kijeshi wenye mamlaka yote, na sasa walikuwa karibu kumkubalia kikosi cha walinzi wake binafsi. Stesichorus akasimama na kuwasimulia.

Farasi alikuwa na malisho yake peke yake. Akaja ayala, yule mnyama wa jamii ya paa mwenye pembe za matawi, akayaharibu. Farasi, akitaka kulipiza kisasi, akamwendea binadamu. Binadamu akakubali kumsaidia kwa sharti dogo: farasi atiwe lijamu mdomoni, naye apande mgongoni akiwa na mikuki. Farasi akaridhia. Badala ya kisasi, akajikuta mtumwa. Nyinyi nanyi, mshairi akawaambia, lijamu mmeshaipokea mlipompa mamlaka yote. Mkimpa na walinzi, atakuwa amekwisha kupanda.

Mfano wa pili unamhusu Aesop mwenyewe. Kiongozi mmoja wa watu huko Samos alikuwa akishtakiwa kwa kosa ambalo adhabu yake ilikuwa kifo. Aesop, anavyosimulia Aristotle, alisimama kumtetea, lakini utetezi wake ulikuwa wa ajabu. Alisema mbweha alikuwa akivuka mto, akasombwa na maji hadi kwenye shimo asiloweza kutoka. Akateseka humo kwa muda mrefu huku kupe wengi wakimfyonza damu. Kalunguyeye aliyekuwa akipita akamwonea huruma na kujitolea kumwondolea kupe hao. Mbweha akakataa. Hawa wamekwisha kushiba, alisema, na damu wanayonyonya sasa ni kidogo. Ukiwaondoa watakuja wengine wenye njaa, wamalize iliyobaki.

Vivyo hivyo, enyi watu wa Samos, mshtakiwa huyu hatawadhuru tena kwa kuwa ni tajiri tayari. Mkimwua, watakuja maskini watakaoiba kilichosalia katika hazina.

Hii si hadithi ya kumlaza mtoto. Haidai kuwa mshtakiwa hana hatia. Inakiri kuwa ni kupe. Ni hoja chungu, ambayo hata leo husikika misimu ya kura katika nchi nyingi, na msikilizaji anaweza kuipinga vikali. Aristotle aliitoa kama mfano wa hoja inayoshawishi, wala hakuibandika funzo la maadili. Ajabu ni kwamba Kiswahili nacho kimelichukua neno kupe na kumpa mtu anayeishi kwa jasho la wengine.

Waroma walikuwa na mfano wao. Mwanahistoria Livy anasimulia kuwa mwaka 494 K.K., watu wa tabaka la chini walipogoma na kuhama mji, mjumbe Menenius Agrippa aliwarudisha kwa hadithi ya viungo vya mwili vilivyoacha kulilisha tumbo kwa kuwa lilikaa bure, na vyote vikadhoofika. Hapa hurafa iko mkononi mwa wenye mamlaka. Silaha haichagui wa kuishika.

MTUMWA ASEMAPO KWA MAFUMBO

Aliyeeleza wazi zaidi kwa nini hurafa ilibuniwa ni Phaedrus, mshairi wa Kilatini wa karne ya 1 Baada ya Kristo (B.K.), ambaye miswada humtaja kama mtumwa aliyeachwa huru na Kaisari Augusto. Katika dibaji ya kitabu chake cha tatu anasema kwamba mtumwa, kwa kuwa hakuthubutu kutamka aliyotaka, alizihamishia hisia zake katika hadithi na kuponea kwenye mzaha.

Phaedrus alijua alichokisema. Anadokeza kuwa alishtakiwa na Sejanus, waziri mwenye nguvu wa Kaisari Tiberio, na anapoandika haya bado yumo katika taabu. Sejanus mwenyewe aliuawa mwaka 31 B.K.

Mojawapo ya hurafa zake ni ya mzee aliyekuwa akichunga punda malishoni. Ghafla ikasikika kelele ya maadui. Mzee akamsihi punda watoroke wasije wakatekwa. Punda, bila haraka, akauliza kama mteka atamtwika mizigo miwili badala ya mmoja. Mzee akajibu kuwa hapana. Basi, akasema punda, kwangu kuna tofauti gani nimtumikie nani, ikiwa mzigo ni ule ule?

Phaedrus alikitanguliza kisa hiki kwa maelezo kuwa mabadiliko ya utawala humbadilishia maskini jina la bwana tu. Ni vigumu kupata katika fasihi ya kale sentensi ya kisiasa iliyo kavu kuliko hiyo, na mwandishi asingeitamka bila kumkodi punda.

FUNZO LILIINGIAJE?

Ikiwa hurafa ilitegemea mahali na wakati, funzo lilitoka wapi? Jibu limo katika historia ya vitabu. Takriban mwaka 300 K.K., Demetrius wa Phalerum, msomi aliyewahi kuitawala Athens, alikusanya hurafa za Aesop. Kitabu hicho kimepotea. Wataalamu wanaamini kilikuwa hazina ya wasemaji: mtu aliyetaka hadithi ya kumfaa barazani angeitafuta humo, na kila kisa kilitangulizwa na maelezo mafupi ya matumizi, kwamba kinamfaa mtu wa tabia fulani au hali fulani.

Kadiri miaka ilivyopita, maelezo hayo yalihamishiwa mwishoni, na kilichokuwa faharasa kikawa funzo. Walimu wa balagha nao waliwapa wanafunzi wao hurafa kama zoezi la kwanza la uandishi. Mwanafunzi aliirefusha, akaifupisha, akaitungia funzo. Si ajabu basi kuwa kisa kimoja kilipata mafunzo mengi, mengine dhaifu.

Chukua kisa cha simba aliyewinda pamoja na punda na mbweha. Punda anagawa nyama mafungu matatu sawa, simba anamrarua. Mbweha, akiagizwa agawe upya, anamlundikia simba karibu zote na kujiachia vipande. Simba anauliza ni nani aliyemfundisha kugawa hivyo. Masaibu ya punda, anajibu. Wasomali nao wana hadithi kama hiyo, ambapo aliyefunza ni jicho la fisi lililong'olewa kwa kofi la simba.

Funzo lililobandikwa kwenye toleo la Kigiriki ni kwamba watu hupata busara kutokana na mikasa ya wengine. Phaedrus, akisimulia kisa cha aina hiyo ambapo simba anachukua mafungu yote manne, anasema ushirika na mwenye nguvu hauaminiki kamwe. Funzo la kwanza linamsifu mbweha kwa kujifunza. La pili linamwangalia simba. Mwalimu anayemfundisha mtoto la kwanza pekee amemfundisha kunyamaza.

Mfano wa chungu unachekesha zaidi. Kila mtu anajua kwamba chungu ni kielelezo cha bidii: nyenje aliyeimba kiangazi kizima anaomba chakula majira ya baridi, na chungu wanamwambia basi acheze ngoma. Lakini katika mikusanyo iyo hiyo ya Aesop kuna kisa kingine kinachosema kuwa chungu zamani alikuwa mkulima asiyetosheka na mavuno yake, akawa akiyaiba ya majirani. Zeu, mfalme wa miungu, alikasirika akamgeuza mdudu. Umbo lilibadilika, tabia haikubadilika: hadi leo anazunguka mashambani akikusanya nafaka za wenzake.

Visa vyote viwili vimeorodheshwa katika faharasa ya mtaalamu Mmarekani Ben Edwin Perry, aliyeichapisha mwaka 1952 ikiwa na hurafa zaidi ya 500. Cha nyenje ni nambari 373 na cha mkulima mwizi ni nambari 166. Vitabu vya shule huchapisha cha kwanza tu.

Mabadiliko hayo yalishika kasi Ulaya. William Caxton alichapisha hurafa za Aesop kwa Kiingereza mwaka 1484, kwa wasomaji wa rika zote. Mwaka 1693 mwanafalsafa John Locke alizipendekeza kama kitabu cha kumfaa mtoto anayeanza kusoma, na tangu hapo zimekuwa mali ya watoto.

NJIA YA KUELEKEA PWANI

Wagiriki hawakudai kuwa wao pekee ndio wavumbuzi. Babrius, aliyezitunga upya hurafa hizi kwa mashairi ya Kigiriki, alisema chimbuko lake ni Washami wa kale. Uchunguzi umemuunga mkono kwa kiasi: hadithi fupi za wanyama zimepatikana katika vigae vya udongo vya Wasumeri, na mafunjo ya karne ya 5 K.K. yaliyochimbuliwa Elephantine, kwenye mto Nile nchini Misri, yana semi na hurafa za mwenye hekima aitwaye Ahiqar.

Waarabu nao walikuwa na hurafa zilizonasibishwa na Luqman, ambaye sura ya 31 ya Kurani ina jina lake. Nyingi za hurafa hizo, zilizoandikwa katika Enzi za Kati, ni zile zile za Aesop.

Lakini uhusiano unaovutia zaidi kwa Waswahili umo katika kitabu cha Edward Steere, mmishonari Mwingereza aliyekusanya hadithi za Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870. Humo mna kisa cha kima aliyedanganywa na papa avuke bahari ili moyo wake uwe dawa ya sultani. Kima, akijiokoa, anasimulia habari za punda wa dobi: simba mgonjwa alimtuma sungura amlete punda, punda akaponea mara ya kwanza, akarudi tena kwa maneno matamu, akauawa, sungura akala moyo na masikio kwa siri, kisha akamwambia simba kuwa mnyama huyo hakuwa navyo, kwani angekuwa navyo asingerudi.

Babrius ana kisa hicho hicho, ila aliyeuawa ni ayala na mlaji wa moyo ni mbweha. Toleo la Unguja linafuata zaidi lile la Panchatantra ya Kihindi, lililoingia Kiarabu katika karne ya 8 kupitia Kalila wa Dimna ya Ibn al-Muqaffa.

Angalia aliyebadilika. Katika hurafa za Kigiriki sungura ni mwoga kupindukia. Kuna kisa ambapo sungura wote wanaamua kujitosa ziwani kwa kuchoshwa na hofu, wakaahirisha walipoona vyura wakiwakimbia wao. Ujanja ni wa mbweha. Kusini mwa Sahara sungura alivikwa werevu huo, naye kobe, ambaye kwa Wagiriki alishinda mbio kwa kutolala njiani, katika masimulizi mengi ya Kiafrika anashinda kwa kuwapanga jamaa zake kando ya njia.

KIFO CHA DELPHI

Masimulizi ya kale yanakubaliana kuwa Aesop aliuawa na watu wa Delphi, mji wa hekalu la mungu Apollo. Wasifu wake unaeleza kuwa aliwakejeli, nao wakaficha kikombe cha dhahabu cha hekalu katika mizigo yake na kumhukumu kama mwizi.

Akiwa njiani kupelekwa kwenye jabali la kutupwa, aliwasimulia juu ya mbawakawa mdogo aliyemsihi tai asimle sungura aliyemkimbilia. Tai alimdharau, akamla sungura. Tangu siku hiyo mbawakawa akawa anapanda kwenye kiota cha tai na kuyaviringisha mayai yake hadi yakaanguka. Tai akamwendea Zeu, akayataga mayai mapajani mwake. Mbawakawa akatengeneza donge la samadi na kulidondosha hapo. Zeu akasimama kujikung'uta, mayai yakavunjika.

Watu wa Delphi hawakushawishika. Herodotus anaandika kuwa baadaye, kwa agizo la mungu wao, walitangaza mara kwa mara kumtafuta mtu wa kupokea fidia ya damu ya Aesop. Aliyejitokeza ni mmoja tu: Iadmon, mjukuu wa yule Iadmon aliyemmiliki.